Ndimu Kumi na Nne za Darasa la Tano

Chokocho, Pemba
12 Januari 1959

Mke wangu Mwanapili,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila magoti yangu, ambayo yana serikali yao. Wewe je, hicho chuo cha ualimu kinakulisha?

Nakuarifu kwamba nimefanywa Inspekta wa Skuli wa Pemba nzima. Basi, si Pemba nzima, ni Chokocho. Wala si Inspekta. Nimepewa kazi ya kugonga kengele, nayo si kengele, ni kipande cha chuma kilichotundikwa mfenesini. Lakini nikigonga mimi wanakuja watoto mia na kumi na mbili. Inspekta na apige mayowe, tuone watakuja wangapi.

Sasa liko jambo. Imekuja barua: darasa la tano la wasichana lisipotimia kumi litafungwa, wahamishiwe Mkoani. Nani atamwachia binti yake aende Mkoani kwa miguu kila siku? Watarudi jikoni, ndiyo basi. Mwalimu Hija, mkuu wa skuli, akanituma nyumba kwa nyumba niulize kuna wasichana wangapi waliomaliza la nne. Unawajua watu wetu: mtoto hahesabiwi, atapatwa na kijicho. Nikamwuliza Bi Mwanawema, mke wa Jaribu, ana mabinti wangapi.

"Wapo, alhamdulillahi."

"Wapo wangapi?"

"Wa kutosha. Unataka kuwaoa, we mzee?"

Nikawaambia wote: basi, sihesabu mtu. Kila binti wa kuingia la tano, mama yake atie ndimu moja kapuni. Nitahesabu ndimu. Wakacheka, wakatia. Kumi na nne! Mwalimu Hija kaandika kumi na nne kwa wino, na barua imekwenda.

Nisifu.

Babu yako na mumeo,
Kificho

Unguja
27 Januari 1959

Babu yangu,

Shikamoo, na magoti yako nayo shikamoo. Mimi mzima. Chuo kinatulisha maharage, kikichoka kinatupa maharage.

Barua yako niliwasomea wenzangu bwenini, wakacheka mpaka tukagombwa. Nakusifu. Lakini nina maswali mawili. Bi Mwanawema alimpa mtu kitu lini bila nyongeza? Hata fungu la muhogo hulitilia kipande juu. Hizo ndimu, nyongeza uliitoa?

La pili. Ndimu ya mdogo wangu Moza ni ipi? Amemaliza la nne, tena wa kwanza darasani. Sikuona ukimtaja.

Mjukuu wako (mkeo, ukijibu vizuri),
Mwanapili

Chokocho
20 Februari 1959

Mke mkorofi,

Salamu. Magoti ni yale yale. Uji unaungua kila siku, na sasa hivi utajua kwa nini.

Inspekta wa kweli alikuja Jumatatu. Nikagonga chuma, wasichana wakajipanga. Akahesabu: tisa. Akarudia: tisa. "Watano wako wapi?" Mwalimu Hija akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mbuzi aliyekuwa akipita.

Bi Mwanawema alikuwa amesimama ukutani. "Mabinti zangu wawili, nikatia ndimu nne. Mtu atoe kitu kikavukavu, bahili huyo?" Na wenzake watatu, kila mmoja alitia moja juu. Ulijua wewe!

Inspekta akaendelea na fomu yake. Inataka kabila la kila mtoto. Kwa mabinti wa Mabruki mchukuzi, ambaye babu yake alitoka Bara, kalamu ikasita. Mabruki akamwambia, "Andika Chokocho." Akaandika. Kisha akafunga kitabu. "Lakini tisa si kumi, mzee wangu."

Hapo nikalikumbuka swali lako la pili. Ndimu ya Moza haikuwamo. Mimi niliyebisha hodi kila nyumba, nyumba yangu niliiruka. Tangu bibi yako afariki, Moza ndiye anayenipikia na kunichotea maji. Nikasema moyoni, mmoja tu huyu, nani atajua?

Nikamwambia Inspekta anisubiri. Nilikimbia, Mwanapili. Kwa magoti haya. Nikamkuta anapuliza moto.

"Moza, twende skuli."

"Uji utaungua, babu."

"Na uungue!"

Inspekta akaandika kumi. Darasa limebaki.

Napika mwenyewe sasa. Wageni wamepungua sana.

Babu yako,
Kificho

Unguja
6 Machi 1959

Babu yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nimecheka na nimelia. Ile ndimu ya kumi imekugharimu, najua. Basi nina deni lako. Siku nikija kusomesha huko, niombe jambo moja lolote nitakufanyia. Lisiwe kuolewa.

Mkeo,
Mwanapili

Chokocho
29 Desemba 1962

Mke wangu Mwalimu Mwanapili,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, na leo hata magoti yamekubali.

Majibu ya darasa la nane yametoka. Walifanya mtihani thelathini na mmoja, wanaume na wanawake. Wamepita sita kwenda sekondari huko Unguja. Kati ya sita, wanne ni wale wasichana wetu wa ndimu! Kumi walibaki tisa, mmoja kaolewa njiani. Nilikwenda harusini nikala kwa hasira. Wa kwanza skuli nzima ni Siti wa Bi Mwanawema. Wa pili ni binti wa Mabruki. Moza wa tatu, na hesabu ndiyo iliyomwangusha. Karithi kwangu.

Nilikwenda kumpongeza Bi Mwanawema. Nikamwuliza, "Wamefaulu wangapi nyumbani kwako?" Akasema, "Wapo, alhamdulillahi." Kisha, mwanamke yule yule, akanionyesha kidole kimoja chini ya kanga.

Mwalimu Hija kanambia umehamishiwa kwetu, unaanza Januari. Basi nadai changu. Mimi nilitolewa skuli nikiwa la pili, nikachume karafuu, na jina langu likapigwa mstari. Siku yako ya kwanza, ukishaita majina yote katika daftari, niite na mimi. Mara moja tu. Nitakuwa pale mfenesini na chuma changu. Sema kwa sauti, "Kificho bin Khatib," maana masikio nayo yameanza, nami nitaitika.

Babu yako,
Kificho