Masufuria Kwetu, Masinia Kwao

Juani, Mafia
Septemba 2004

Kwa kaka yangu Mansuri,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kilwa, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Miguu ya mama bado inamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote, na kila siku unakutaja wewe.

Kaka, najua uliapa hutakanyaga tena Juani tangu watu wa kijiji cha ng'ambo walipokuchomea wavu wako, lile juya. Wao walidai tunavua ndani ya mipaka ya hifadhi ya bahari, sisi tukadai wameiuza bahari. Uliondoka tukiwa hata hatuzikani. Basi kaa kitako, maana mambo yamegeuka na nina furaha kubwa kukueleza.

Wazungu walileta msaada wa kutupatanisha. Mradi ukaanza na semina, pamoja na fulana zilizoandikwa Amani. Watu wa ng'ambo wakakaa kulia, sisi kushoto, tukala wali kwa kuku, kila mtu akarudi kwao na chuki yake na fulana mpya. Dada Cresensia, Mhaya anayeusimamia mradi huo, alikaribia kukata tamaa, ndipo akaja kutuuliza wanawake tunataka nini. Shangazi Biubwa akamwambia tunataka masufuria makubwa ya karamu na masinia. Cresensia akasema wafadhili wanataka kuona amani, si pilau. Shangazi akamjibu alete vyombo, amani ataikuta jikoni.

Mradi ulipanga kila kijiji kipate seti yake, tusije tukagombana. Shangazi akakataa katakata. Aliuliza kama kila mtu ana vyake, nani atamhitaji mwenzake. Akataka masufuria yakae kwetu na masinia yakae ng'ambo, na Cresensia akalipigania hilo ofisini kwao mpaka likakubaliwa. Wanaume walicheka sana, unawajua.

Kicheko kiliisha mzee Abeid alipotaka kumwoza binti yake. Ndiye huyo huyo aliyeongoza watu kuchoma juya lako. Alikuja mwenyewe, akaomba kwa adabu. Shangazi akampa masufuria pamoja na wapishi wake, mimi nikiwemo. Tulipika, tukala nao, tukacheza ngoma mpaka wenyeji wakachoka kabla yetu. Kisha kwetu akafariki Bibi Mize, na masinia yakaja na wenyewe. Mikono iliyochoma juya ndiyo iliyobeba jeneza. Nililia, wala si kwa ajili ya Bibi Mize peke yake. Siku hizi wanaume wanalinda bahari pamoja. Nasikia wakubwa wa mradi wanajisifu kuwa ile semina ndiyo iliyofanya kazi. Waache, vyombo walileta wao.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Kwenye harusi ile, aliyekuwa akituchotea maji ni Muhidini, mwana wa mzee Abeid. Aliendelea kuniletea ndoo hata masufuria yalipojaa. Wameleta posa. Mama ameridhika, na mimi nimeridhika kuliko mama. Lakini baba hayupo, walii wangu ni wewe, na bila wewe sitaki ndoa hii ifungwe.

Mzee Abeid anasema siku utakayoshuka atakuwa pwani kukuomba radhi mbele ya watu, na nyavu mpya amekununulia, za macho makubwa yanayoruhusiwa. Harusi ni baada ya Idi. Shangazi anasema vyombo vyote vimekutana, ila wewe ndiye sinia lililobaki ng'ambo.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao atawapikia mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Kidawa