Kicheko Changu Kimepachikwa kwenye Machozi ya Mama Mkwe

Bi Margareta, shikamoo. Nakuandikia nimechanganyikiwa, naomba uniokoe, maana naona naachika na hata kuolewa bado. Mie ni msichana wa Chang'ombe, karani kwenye karakana ya kuchomelea mageti, na mchumba wangu anaitwa Lusungu, kwao Tabata, na mambo yetu yalikuwa yameiva kabisa, mshenga kashamaliza kazi yake, kamati ya harusi ipo, sare za kitenge zimeshachaguliwa, ndipo tukaalikwa kwenye kile kipindi cha runinga, "Mkwe Mezani", ambacho bibi harusi mtarajiwa anampikia mama mkwe mbele ya kamera na watu wamekaa wanaangalia. Nikapika ndizi nyama. Mama kuonja tu kijiko cha kwanza akaanza kulia, akasema binti yake aliyefariki, mdogo wake Lusungu, ndiye alikuwaga anampikia ndizi za namna ile, naye alifariki akisubiri kuolewa kama mie, basi akajifunika uso kwa mtandio, na mie nikalia, nikawa najifuta kwa aproni, na Lusungu alikuwa mstari wa mbele ananiona.

Jumapili kipindi kikarushwa, tumejaa sebuleni kwa mama, majirani mpaka mlangoni. Wanamwonyesha mama analia, muziki wa huzuni unapigwa, halafu wananionyesha mie nacheka, tena polepole, magego yote nje! Bi Margareta, kile kicheko ni cha kabla hatujaanza, kuna mtu wao wa kuchangamsha watazamaji alikuwa anaigiza mjomba mlevi anavyocheza harusini, tukacheka wote, sikujua kama kamera zimeshawashwa. Mama akainuka akaingia chumbani. Kesho yake akarudisha kitenge chake cha sare, akamwambia mshenga wetu, mzee Polikarpo, asikanyage tena pale, harusi hiyo yeye hayumo. Nikamuuliza Lusungu, si ulikuwepo, si uliniona nalia? Ananijibu, "Nilikuona, ila kwenye TV inaonekana kabisa unacheka. Labda sikuangalia vizuri."

Nimejirekodi video ya kuomba radhi, nikaiwekea na muziki wa taratibu, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kamati ambalo mama yumo, wajumbe wakaweka vikopa vyekundu vya upendo, mama hakujibu. Sasa mtangazaji wa kipindi, Cyprian, kanipigia, anataka turudi kwenye toleo maalumu la msamaha, laivu, nipige magoti na watazamaji wapige kura, mama anisamehe au asinisamehe. Anasema watu wananipenda, na kweli, nikipita sokoni Temeke wananiita Bibi Harusi Kicheko na wanaomba kupiga picha na mie. Je, niende? Na nikienda, nivae gauni la dhahabu wanalonipa wao au nitafute la heshima zaidi?

Editha, Chang'ombe

Marahaba, Editha.

Umechezewa, na kwa hilo pole. Nimeitafuta hiyo klipu nikaiangalia. Mama anapolia, wewe una aproni. Unapocheka, huna aproni! Liko wazi hivyo, na sebule nzima ya watu wenye macho yao haikuliona, kwa sababu ndiyo kazi ya ule muziki na ule mwendo wa polepole, ukasirike kabla hujapata nafasi ya kuangalia. Ndiyo maana wakakata kwenda matangazo palepale, Cyprian akiuliza kwa sauti ya msibani, "Editha anamcheka nani? Usiguse rimoti!" Nanyi kweli hamkuigusa. Mkakaa mkaisubiri sabuni itangazwe iishe, ili mkachukiane vizuri. Na lile "Aaah!" la watazamaji lisikutishe. Kuna mtu kando ya kamera anawapungia mkono kuwaambia sasa wagune.

Chozi la mama lilikuwa la kweli, lakini chozi peke yake halikuwatosha. Walitaka na mbaya wa hadithi, wakakupa wewe hiyo kazi. Sasa wanataka na magoti yako. Eti kura! Tangu lini uchungu wa mzazi ukapigiwa kura na mtu aliyejilaza kwenye kochi na bakuli la bisi? Na kura ikisema hapana, utafanyaje? Utaomba marudio?

Nawe usijifanye malaika. Mtu anamwomba mama mkwe radhi, anaweka muziki! Wamekuharibia kwa muziki, nawe ukaenda kuomba radhi kwa mbinu ileile, mbele ya kamati nzima, umemruka mshenga aliyewekwa kwa kazi hiyohiyo. Halafu harusi inakufa mikononi mwako, unaniuliza gauni! Hilo jina la sokoni limekunogea, mwanangu, sema tu.

Huyo Lusungu ndiye kanichosha zaidi. Alikuwepo, akaona, halafu runinga ikamwambia hakuona, akaitikia, "Ndiyo, bwana." Mwambie kwa maneno machache kwamba asimame mbele ya mama yake aseme, "Nilikuwepo, Editha alilia." Akishindwa kusema hilo, usimlaumu mama kwa kuvunja harusi.

Cyprian mjibu hapana, na namba yake uizuie. Video ile ifute. Kisha nenda kwa mzee Polikarpo ukamwombe radhi kwa kumruka, umsihi akuombee siku kwa mama, hata kama itabidi aende mara ya pili na ya tatu. Siku hiyo nenda mchana na shangazi yako, na nguo zako za kawaida, simu ziacheni nyumbani. Ya aproni Lusungu atamweleza mama yake mwenyewe. Wewe usiende kule na ushahidi kama uko mahakamani.

Ukishakaribishwa, usianze na kujitetea, mpe pole. Yule mama alimlilia mwanawe mbele ya nchi nzima, na tangu siku hiyo mnajadili kicheko, kitenge, kura na gauni. Barua yako nimeisoma na kuirudia nikitafuta jina la marehemu. La Lusungu lipo, la mzee Polikarpo lipo, hata la Cyprian lipo. Lake halimo. Kaa karibu na mama, umuulize binti yake alikuwa anaitwa nani, halafu unyamaze umsikilize.