Moshi Ulioshuka Bondeni

Zahanati ya Kijiji,
Nyakitonto,
Kasulu, Kigoma.

22 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Recho,

Shikamoo. Nakusalimu pia kwa salamu ya nyumbani, mwakeye, maana najua huko Njombe hakuna wa kukuitikia. Goti linasemaje na baridi hiyo? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi za shule hatua moja moja, ukifika katikati unasimama na kujifanya unasoma matangazo ukutani. Nilicheka, kisha nikasikitika. Ukijibu niambie ukweli. Mimi ni muuguzi, siyo mwanafunzi wako.

Sisi hatujambo. Mama ana nguvu, amevuna maharage ya kutosha na bado anagombana na mbuzi wa jirani. Mvua haijaanza, ila mawingu yanajikusanya upande wa Burundi kila alasiri, halafu yanatawanyika kama watu waliokosa mkutano.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Nilikupigia mara mbili, na zote mbili nikaishia kukuuliza habari za shule. Jambo lenyewe ni refu na linakuhusu. Naomba ulisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Lilianza mwishoni mwa Julai, nikijaza taarifa ya mwezi. Wagonjwa wa kikohozi walikuwa arobaini na mmoja. Hilo halikunishtua, kiangazi ni kiangazi. Kilichonifanya niweke kalamu chini ni mahali walikotoka: ishirini na sita walikuwa watu wa Bondeni, kitongoji chenye nyumba chache kuliko vyote. Nikamwonyesha mganga mfawidhi wetu, Pasikali, kijana aliyehamishiwa hapa kutoka Singida.

"Vumbi hilo, dada," akasema. "Si unaona barabara ilivyo?"

Nikaenda kuiona. Shangazi, barabara haipiti Bondeni! Inapita juu, kwenye maduka, na watu wa madukani waliokuja kukohoa kwetu walikuwa watatu tu.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nikawa nauliza kila anayekuja, na kila mtu ana jibu lake. Huyu anasema ni mnara wa simu. Yule anasema ni mashine ya kusaga, ile ya dizeli inayotoa moshi mweusi. Mama akasema ni watu kutovaa sweta asubuhi. Majibu yote yalitolewa kwa uhakika mkubwa, na hakuna hata moja lililoeleza kwa nini Bondeni. Kifaa cha kupimia hewa sina, na sijui hata wilayani kama kipo.

Basi nikachukua shuka langu jeupe la chuoni. Nililikata vipande kumi na viwili, nikavifunga kwenye fremu za vijiti na kuvipaka mafuta mazito ya mgando, ili chochote kinachopita hewani kinase. Nikaomba kuvitundika kwenye nyumba za watu: barabarani, karibu na mashine, shuleni, jikoni kwa Mama, na vitano huko Bondeni. Wengi walikubali kwa sababu wananifahamu. Mzee Habonimana wa Bondeni ndiye aliyenisimamisha mlangoni.

"Mwanangu, unatega nini kwenye paa langu?"

"Natega moshi, babu."

Akasogea pembeni nipite. "Haya, tega. Ukiunasa uniite niuone."

Nikaviacha wiki nzima. Sijawahi kungoja siku saba kwa hamu namna ile tangu matokeo ya kidato cha nne. Nilipovikusanya, nilivitandika juu ya meza ya zahanati tukaviangalia mimi na Pasikali. Kitambaa cha barabarani kilikuwa chekundu kama udongo wetu, kwa hiyo vumbi lipo, hakudanganya. Cha kwenye mashine kilikuwa kijivu. Cha jikoni kwa Mama kilikuwa kimeiva rangi ya chai ya rangi, nikaona aibu, maana ndiko nilikolelewa. Lakini vile vitano vya Bondeni vilikuwa na masizi meusi ya kunata, na ukivisogeza puani vinanuka mpira ulioungua. Pasikali alivinusa vyote, kimoja baada ya kingine, kisha akasema taratibu, "Siyo vumbi."

Nani anachoma mpira? Jumamosi niliamka alfajiri nikapanda kilimani juu ya shule ili nikitazame kitongoji kutoka juu. Jua lilikuwa halijachomoza sawasawa. Nikaona moshi ukitoka mwanzoni mwa bonde, na nilichokiona sikuwahi kukifikiria: haukupanda. Kulikuwa na baridi, hakuna upepo, na moshi ule mzito ulishuka kando ya kijito kama maziwa yaliyomwagika, ukaingia Bondeni, ukalala juu ya nyumba. Uliondoka saa tatu hivi, hewa ilipopata joto. Watoto walikuwa wameshaamka, wamekunywa uji na kwenda kuchota maji ndani yake.

Nikaufuata moshi ule kwa miguu hadi unapotoka. Nikafika kwenye kiwanja chako, Shangazi.

Ildefonsi, fundi wako wa matofali, alikuwa anachochea tanuru. Kando yake palikuwa na rundo la matairi mabovu ya malori. Hakuficha kitu, wala hakuona kuwa kuna cha kuficha. Alinieleza kuwa kuni zimekuwa shida tangu watu wakatazwe kukata msituni, na tairi linawaka sana na halina gharama. "Na mwenye matofali anayataka kabla ya mvua," akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyeniletea maneno."

Ni kweli. Mwezi wa Mei ulinipigia ukaniambia nimhimize. Nilimhimiza. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu, "Fanya unavyoweza." Akafanya alivyoweza.

Hapa nakuungamia. Nilirudi nyumbani nisimwambie mtu. Nilijiambia nasubiri kuwa na uhakika, lakini uhakika nilikuwa nao. Niliogopa jina lako lisije likatajwa vibaya wakati unajenga ili urudi nyumbani, na niliogopa langu pia. Nilikaa kimya siku tatu.

Siku ya nne akaletwa Esteri, mtoto wa miaka minne wa Niyubahwe. Niyubahwe ni yule mama mwenye nyumba ya mwisho chini kabisa. Bibi yake alikuja hapa akitokea Burundi, na wao wameshakuwa raia na wanalima mihogo kama sisi. Mtoto alikuwa anavuta pumzi mpaka mbavu zinaingia ndani, na midomo imebadilika rangi. Oksijeni kwetu haipo. Tuliingia kwenye gari la wagonjwa mimi na mama yake, na njia nzima nilikuwa nimemshika mtoto akiwa wima kifuani kwangu ili apate hewa, nikihesabu pumzi zake, na kila pumzi ilinisuta. Tulipofika mjini Kasulu waliwahi kumwekea oksijeni. Jioni akaomba ndizi. Niyubahwe akalia, nami nikalia.

Kesho yake, kwenye benchi nje ya wodi, nilimweleza yote: vitambaa, moshi, matairi, kiwanja ni cha nani, na siku tatu nilizonyamaza. Nilidhani atanifukuza. Alikunjakunja ncha ya kitenge chake.

"Shangazi yako alijua?"

"Oya, hapana, hakujua."

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Basi mwandikie ajue na yeye," akasema. "Na huyo fundi azime leo, asingoje kesho."

Nikapanda pikipiki nikarudi kijijini saa ile ile. Ildefonsi alinisikiliza huku amekaa juu ya matofali mabichi. Nilipotaja Esteri alisimama; mke wake na Niyubahwe wanaimba kwaya moja. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia, kuwa hata yeye anakohoa tangu Juni na usiku anasikia kifua kinapiga filimbi. "Nilijua ni uzee," akasema. Ana miaka arobaini na miwili! Aliyaburuta matairi yale mbali na tanuru mwenyewe, akaziba midomo ya tanuru kwa udongo mpaka moto ukafa.

Kwa hiyo, Shangazi, tanuru lako lilizimwa kabla halijaiva, na ni mimi niliyeagiza lizimwe bila kukuuliza. Matofali ya katikati yameiva vizuri. Ya pembeni na ya juu, karibu theluthi, yamebaki mabichi, ukiyagonga hayalii. Ildefonsi amekwenda kutafuta pumba za mpunga kwenye mashine za kukoboa mjini, anasema zinachoma polepole ila zinachoma. Ameshajaribu tanuru dogo. Moshi upo, lakini ni mweupe na haunuki vile. Tumekubaliana pia awashe mchana, hewa ikiwa imepata joto, ingawa najua tanuru halizimwi likianza, na asubuhi bado linafuka. Nyumba haitapauliwa kabla ya mvua mwaka huu. Nisamehe, au usinisamehe, lakini hivyo ndivyo ilivyo.

Serikali ya kijiji ilikaa na kupiga marufuku kuchoma matairi. Kumbe mafundi wengine wawili nao walikuwa wameshaanza kuyakusanya.

Mimi nimetundika vitambaa upya. Vya Bondeni safari hii vimetoka vya kijivu, havinati. Nilimpelekea Mzee Habonimana vyake viwili, cha kwanza na cha pili, akavishika kila mkono akitazama huku na huku. "Kumbe hiki nilikuwa nakila," akasema. Wagonjwa wa kikohozi kutoka Bondeni wiki tatu hizi ni saba. Pasikali anasherehekea, lakini mimi namwambia asubiri: huenda ni moshi, huenda ni majira tu. Nataka nione kiangazi kijacho.

Na bado kuna kile cha jikoni kwa Mama, kilichotoka rangi ile ile mara zote mbili. Mama anasema moshi wa chakula haujawahi kuua mtu. Lakini juzi nilimkuta amekitundika dirishani, anakitazama peke yake, na jana akaniuliza kama fundi anaweza kutoboa tundu la moshi juu ya mafiga. Tunaanza hapo.

Esteri anacheza, ingawa akikimbia sana bado anakohoa. Mama yake amenituma ombi moja, nami nalifikisha kama alivyolisema: siku utakapokuja likizo, usianzie kiwanjani. Anzia kwake, ukae, unywe uji na mtoto. Hakusema kwa hasira. Nimemjibu kuwa utakwenda. Usiniangushe.

Nisalimie binamu zangu Nickson na Elieth, na umwambie Elieth kitabu chake cha baolojia bado ninacho. Mama anakusalimu sana, Pasikali pia, na Ildefonsi anasema anaona haya kukusalimu lakini anakusalimu.

Mungu akulinde, akupe pumzi nyepesi na goti lisilolalamika, akulete nyumbani salama.

Ni mimi mwanao akupendaye, nikingoja jibu lako lolote litakalokuwa,

Philomena