Nukta Mia Tisa za Pasaka

Mkwajuni, 2 Machi 2025

Kwako Baba,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi mzima. Sina wa kuongea naye sana, ila kila Jumamosi nina kompyuta ya shule. Madam Violet ametupa kazi ya kuigiza kwenye kompyuta jinsi watu wanavyotoka ukumbini pakitokea hatari. Nimechora kanisa letu. Kila mtu ni nukta, na kila nukta hukimbilia mlango wa karibu. Nukta mia tisa, kama siku ya Pasaka, zinatoka kwa dakika nne. Nimehesabu na mlango wa ubavuni. Bado unafungwa?

Mwanao,
Lusungu

Tunduma, 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo. Mlango umefungwa tangu kinanda kiibwe. Ufunguo anao Mzee Andongwisye.

Ila nukta zako hazitujui. Wanaume tunakaa kulia, wanawake na watoto kushoto. Pakitokea kelele, mimi sikimbilii mlango, nakwenda benchi la mama yako. Mwaka wa pili huu tangu tumzike, na macho bado yanakwenda pale.

Baba yako

Mkwajuni, 29 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole na nyumba kuwa kimya.

Nimezifundisha nukta kutafutana. Zilivuka katikati, zikagongana, zikajazana mlango mkubwa. Mlango wa ubavuni ukifungwa, nyingine hazitoki kabisa. Nimerudia mara ishirini. Moja tu hutoka upesi kila mara, ile isiyo na wa kumtafuta. Nimeipa jina langu.

Tafadhali waombe wazee wa kanisa wafungue kabla ya Pasaka. Najua hupendi kusimama mbele za watu. Hata mimi sipendi.

Mwanao,
Lusungu

Tunduma, 24 Aprili

Mwanangu Lusungu,

Hujambo? Samahani kwa kuchelewa kujibu. Wazee walinicheka. Andongwisye akasema, “Rabson, mtoto anacheza gemu shuleni, wewe unatuletea kikaoni?” Nikamwambia nitasimama kwenye mlango wa ubavuni ibada nzima, nilinde vinanda vyenu. Akanipa ufunguo.

Siku ya Pasaka, kwaya ikiimba, spika ikalipuka na moshi ukatanda. Akina baba wakakimbilia kushoto, akina mama kulia, kama ulivyoandika. Nikafungua mlango. Wengi walipitia kwangu. Mtoto wa Enesi amevunjika mkono. Wengine wote wazima.

Nje kila mtu alikuwa anaita jina. Nami nikajikuta nazunguka uwanja mzima naita Lusungu, na huku najua uko Mkwajuni.

Ile nukta yenye jina lako irekebishe.

Baba yako