Kiraho cha Hawe Dama

Jumatatu, 4 Agosti

Uji umewahi. Wazee wameamka na manung'uniko yao ya kila siku: uji mwepesi, sukari haba, jirani kakoroma. Nyumba hii ya Vitengeni niliifungua kwa ajili ya watu walioitwa wachawi na wana wao wenyewe. Hakuna aliyenionya kwamba mtu aliyeponea panga anaweza kudeka hivi. Hawe Dama peke yake hakusema neno. Sote twamwita Hawe, nyanya, hata mimi mwenye mvi. Kaketi upenuni anatazama lango. Magoti yananiuma.

Jumatano, 6 Agosti

Kaja Kahindi kutoka Adu, mwanawe Hawe. Ndiye aliyemfukuza mwaka juzi, alipofiwa na mtoto akasema mama kamroga mjukuu. Siku ile nilitandika mkeka mlangoni kwa Hawe, nikakaa. Vijana na mapanga yao walinizunguka hadi wakachoka, wakaenda zao. Ndiyo kazi yangu tangu usichana: kukaa. Sipigi, situkani, sikimbii.

Leo Kahindi alikuja na shikamoo na mfuko wa sukari. Anataka mama yake arudi nyumbani, ila kwanza ale kiraho: kipande cha papai lililotiwa dawa na mganga. Mwenye hatia, wasema, hufura mdomo na koo likaziba. Asiye na hatia humeza akaenda zake.

Nimekataa. Nimemwambia kiraho ni panga lililovishwa ganda la tunda. Nilijionea fahari kwa maneno hayo. Sukari nimeipokea.

Alhamisi, 7 Agosti

Hawe anataka kwenda. Nimebishana naye hadi adhuhuri. Papai ni papai, halimjui mchawi wala mwema, na kinachokausha koo ni hofu. Kasikiliza yote. Kisha akasema kaburi la mumewe liko Adu, naye hataki kufia kwa watu.

Kwa watu. Kumbe mimi ni watu. Imeniuma sana.

Jioni nimetia lango kufuli. Kwa usalama wake.

Jumamosi, 9 Agosti

Hajala tangu jana. Kaketi chini mbele ya lango, kwenye leso yake. Hatukani, halii. Wenzake wamehamishia sahani zao karibu naye. Nimepita pale mara kadhaa kabla ya kutambua ninachokiona. Hawe anakaa. Ananikalia mimi.

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Nikifungua, namkabidhi mganga kwa mkono wangu. Nikifunga, mimi na Kahindi tuna tofauti gani? Nimesali, sikusikia kitu.

Nimefungua.

Jumatatu, 11 Agosti

Adu. Nimemsindikiza, ningefanya nini? Watu tele kama arusini. Mganga ni kijana kuliko nilivyodhani, kila mara anachungulia simu yake. Hawe akaletewa sahani. Kabla hajala akanigeukia.

"Mwanangu, wewe husema ni papai tu. Haya, onja wewe kwanza, nami nipate nguvu."

Maisha yangu yote nimesema ni papai tu. Kanisani, barazani, kwenye matanga. Mkono haukuinuka. Sijaua mtu, sijamroga mtu, na mkono haukuinuka.

Hawe alitabasamu kidogo, bila kunicheka. Akala. Akatafuna polepole, akameza, akaomba maji. Vigelegele. Kahindi akapiga magoti mbele ya mama yake, akalia hadi kamasi zikamtoka.

Nilifurahi. Niliona haya pia, na bado naona. Sielewi kilichomrudisha Hawe kwake ni nini: papai, au kule kukaa kwake langoni, au majuto ya mwanawe. Na kama watu wameamini papai leo kwa sababu ya Hawe, kesho wataliamini kwa mwingine ambaye koo lake litakauka kwa woga tu. Nilitaka kuwaambia hivyo. Ningeanzaje, na wote wameniona?

Alhamisi, 14 Agosti

Manyunyu tangu alfajiri. Binti mmoja wa Matsangoni kamleta baba yake. Kichwa cheupe, shati limechanika begani. Nimempa kitanda cha Hawe.

Tulipokuwa tukinywa uji aliniuliza kama naye aende akale kiraho yaishe. Habari za Adu zimemfikia. Zamani ningemjibu kabla hajafunga mdomo. Leo nilivuta kigoda nikaketi karibu naye. Nikamwambia, mzee wangu, mimi sijamroga mtu, na papai lile naliogopa.

Akasema hata yeye.