Malkia Niliyempeleka Ukweni

Sabine, niko chooni kwa kina Hamissi, Rumonge. Usipige, andika tu. Nimeharibu.

Unajua bibi yake akinikataa, hakuna ndoa. Kaniuliza kwa upole, mbele ya mashangazi wote: "Mujukuu, unapenda nini?"

Ningesema kupika! Nikawataja Queen, bendi yangu ya rock. Tena nikatafsiri ili aelewe: "Napenda sana Malkia, wa Uingereza."

Nilitafsiri, Sabine!

Bibi akaweka kikombe chini. "Malkia? Wazungu walituimbisha mfalme wao shuleni mpaka koo likakauka. Tulimalizana nao mwaka wa sitini na mbili, wewe unawarudisha kwangu?"

Hamissi anaendelea kula visamaki vyake vya ndagala tu!

Nikaeleza kwa sauti ya mbu kwamba ni wanaume wanne, na yule mwimbaji wao hunitoa machozi kila nikimsikiliza.

"Wanaume WANNE?"

Nikakimbilia huku, hata Hamissi sikuweza kumtazama.

Ngoja, Hamissi anabisha.

Sabine. Bibi amekubali! Amesema anayependa wanaume wanne wa Ulaya na bado anaona haya kumutazama mmoja wa Rumonge, huyo hatatoroka.

Nimepata mume kwa sababu ya aibu. Sasa natokaje humu chooni?