Mguu wa Babu Ngasa na kazi ninayoitaka

Masumbwe, Jumanne jioni. Mvua ilitaka kunyesha, ikaghairi. Limebaki joto la kunatisha nguo mgongoni.

Nina jambo sijamwambia mtu. Si mama, si padri, si hata rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja mpaka tulipomaliza kidato cha sita. Nataka kuwa mtafiti. Nataka kusomea elimu ya afya ya jamii, nije nifundishe chuo kikuu, na nichunguze yanayowapata majeruhi baada ya hospitali kuwaruhusu kurudi nyumbani.

Nimeandika. Tena hapa bloguni, panaposomwa na yeyote.

Wanaonijua wangecheka. Mimi ni yule ambaye mwalimu akimuuliza swali anajibu kwa kidevu. Tena baba, mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa mjini, ameshaamua niende ualimu, na maombi ya vyuo yanafungwa wiki ijayo. "Ualimu ni kazi inayoeleweka," anasema. Ni kweli. Mteja wake akiambiwa binti anasomea huduma za utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia ayarudie maisha yake, ataomba aambiwe tena mara mbili, halafu ataulizia bei ya pumba.

Hata mimi neno hilo nimelijua juzi tu, kwa Dkt. Tatu.

Dkt. Tatu ni mhadhiri, mzaliwa wa Tanga. Amekuja huku kwenye dhahabu kuwatembelea wachimbaji wadogo waliovunjika au kukatwa viungo kwa ajali za kwenye maduara, yale mashimo wanayochimba. Kisukuma hakijui, kwa hiyo mhudumu wa afya wa mtaani kwetu, Mama Shija, alinipendekeza niwe mkalimani wake. Nilimsikia akimwambia, "Huyu haongei, lakini neno halimpiti." Mpaka leo sijui kama nilisifiwa.

Nilidhani mtu mwenye udaktari wa chuo kikuu atakuwa na haraka. Dkt. Tatu anakaa chini kwenye mkeka, anauliza, kisha ananyamaza mpaka mwenzake akumbuke. Hamkatishi mtu. Aliniambia alianza kama muuguzi kwenye wodi ya mifupa. Kila mgonjwa akiruhusiwa walikuwa wanampigia makofi mlangoni, naye siku moja akajiuliza: hawa tunaowapigia makofi wanakwenda kuishi vipi? Akamfuata mmoja mpaka kwake. Swali hilo moja ndilo lililompeleka kwenye shahada, kisha uzamili, kisha uzamivu, na sasa anawafundisha wengine kuuliza. Wenzake walimwambia achague jambo lenye jina zaidi. Hakuchagua.

Leo tulikwenda kwa Babu Ngasa. Hilo si jina lake. Dkt. Tatu amenifundisha kuficha majina, na babu mwenyewe amekubali niandike, mradi niseme kwamba bado ni mwanamume mzuri wa sura. Nimesema.

Babu Ngasa aliangukiwa na mwamba duarani, akakatwa mguu juu ya goti. Alipewa mguu wa bandia, lakini hauvai. Umetundikwa ukutani ndani ya kiroba, naye anashinda kwenye kiti chake, magongo pembeni.

"Mke wangu huyo!" alisema aliponiona. "Umechelewa, ugali umepoa."

Nikapiga goti, nikamwamkia, "Mwadila, babu." Dkt. Tatu akaanza maswali, mimi nikitafsiri.

Mguu ukoje? Mzuri sana. Unaumiza? Hapana, mwanangu, nawashukuru mliokuja. Mbona huuvai? Nitauvaa. Unakubana? Aa, mguu ni mzuri sana.

Tungeweza kuondoka hapo na majibu yetu mazuri. Dkt. Tatu alifunga kishikwambi chake, akaniomba tutoke nje kidogo. Nikaogopa kwamba nimetafsiri vibaya.

"Binti, hapa kwenu nani anaruhusiwa kumtania mzee huyu?"

"Wajukuu."

"Na wewe kwake ni nani?"

"Mjukuu. Si wa damu, ila namwita babu, basi."

"Mimi ananiona mwanawe, tena mgeni. Mwana haambiwi kila kitu, na mgeni halalamikiwi. Ingia wewe. Mimi nitakaa hapa mlangoni."

Mimi! Lakini kumtania babu hakuhitaji ujasiri, nimekuwa nikifanya hivyo tangu sijang'oka meno ya utoto. Nikaingia, nikamwambia kwa Kisukuma, "Mume wangu, nasikia una mguu mpya umeuficha kwenye kiroba. Unamwekea mke gani?"

"Wivu tu umekujaa!"

"Basi nipe mimi, nikafukuzie mbuzi."

"Mguu wangu ufukuze mbuzi? Mchokozi wewe!"

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu, macho yakiwa bado na machozi ya kicheko, akasema taratibu, "Mke wangu, ule mguu haujui kuchuchumaa."

Yote yakatoka. Choo chao ni cha shimo. Siku za mwanzo aliuvaa mguu, akaingia nao, akaanguka, na hakuweza kuinuka. Mtoto wake wa kiume yuko machimboni mchana kutwa. Nyumbani alikuwapo mkamwana peke yake. Ikabidi aingie amwinue.

Kwetu baba mkwe na mkamwana wanaheshimiana mpaka kukwepana njiani. Hawali pamoja, hawagusani hata mkono. Sasa fikiria mahali penyewe, na hali aliyokutwa nayo. Toka siku hiyo mguu ulikwenda ukutani, na hakuna aliyeutaja tena nyumba ile. Babu alikuwa tayari kubaki kitini maisha yake yote kuliko kumpa mkamwana aibu ile mara ya pili.

Nikamuuliza, "Nimwambie mgeni?"

"Mwambie. Ila asicheke."

Hakucheka. Aliingia, akakaa chini, akaomba kwanza ruhusa ya kuandika. Kisha akasema, "Siku zote nawauliza watu kuhusu mguu. Kumbe nilipaswa kuuliza na kuhusu choo." Alisema hivyo kwa furaha! Sijawahi kuona msomi anafurahi hivyo kwa kugundua kwamba aliuliza nusu. Hapo hapo akachora kiti chenye tundu na mikono miwili ya kushikia, cha kuwekwa juu ya shimo. Babu akasahihisha kimo kwa kiganja. Tukaagana akiwa anasisitiza kiwe cha mninga, maana yeye si mtu wa kukalia mbao hafifu za kenchi.

Njiani Dkt. Tatu aliniuliza nitasomea nini. Nikanyamaza. Akanisubiri, kama anavyowasubiri wagonjwa, na bado sikutoa neno. Nadhani alilisikia hivyo hivyo.

"Ukitaka," alisema, "nitazungumza na baba yako kabla sijaondoka."

Ingekuwa rahisi namna gani! Baba angemfutia kiti vumbi, angeagiza soda, angesema ndiyo kwa kila neno la daktari. Lakini nimetoka kwa babu leo. Nimeona jinsi mgeni anavyojibiwa. Akiondoka tu, ile "ndiyo" yake ingetundikwa ukutani kama mguu wa babu, nami ningeamka kesho yake niende ualimu.

Nikasema hapana. Nitamwambia mwenyewe.

Nilisema kwa sauti, mpaka mwenye baiskeli aliyekuwa mbele yetu akageuka.

Nimechagua Jumapili, tukitoka misani. Jumapili mashine haiwashwi, na hata mtu wa sauti ndogo anasikika. Sijui atasema nini. Huenda akakataa, na maombi yanafungwa, na basi. Lakini itakuwa hapana yake ya kweli, aliyonipa mimi, nami nitakuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukileta mpunga kwetu wiki hii, mwamkie baba, zungumza naye habari za mvua, pokea mchele wako uende. Usimwambie. Nakuomba sana. Asilisikie kwa mtu mwingine kabla hajalisikia kwangu.